Mtoto Wetu Anataka Kusomea Saikolojia



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, vikundi vyetu huletewa maombi ya mikopo na harambee za karo. Mtoto akisema anataka ualimu au uuguzi, wazee hawaulizi mengi. Akisema saikolojia, kikao kinanyamaza. "Hiyo ni kazi gani? Ni ya kutibu wenye wazimu? Akimaliza ataandikwa wapi?" Ni maswali ya haki, maana pesa za kikundi ni jasho la watu. Basi tujifunze pamoja.

1. Saikolojia ni nini?

Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Saikolojia ni elimu ya kuchunguza hizo akili: jinsi mtu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyoogopa na anavyoishi na wenzake. Chuoni mwanafunzi husoma ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, tabia za watu wakiwa pamoja, matatizo ya akili na ushauri nasaha. Husoma pia takwimu na namna ya kufanya utafiti. Hapa wengi hushtuka, kwa sababu walidhani ni kozi ya kuongea tu. Mtoto anayekimbia hesabu aambiwe mapema.

Tusichanganye watu wawili. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, na yeye ndiye huandika dawa. Mwanasaikolojia husaidia kwa mazungumzo ya utaratibu na kwa vipimo vya akili na tabia. Mgonjwa mmoja anaweza kuwahitaji wote wawili.

2. Inatuhusu nini sisi?

Watu wa Molo, Njoro na Kuresoi wanakumbuka vita vya 1992, na tena vile vya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka kule Solai, watu zaidi ya 40 wakafa. Aprili 2024 maji yalifagia nyumba usiku huko Mai Mahiu. Baada ya mambo kama haya, mabati na blanketi huchangwa. Lakini mtoto anayelia kila mvua ikinyesha hatulizwi na blanketi. Anahitaji mtu aliyefundishwa kumsikiliza. Ongeza pombe, ugomvi wa nyumbani na vijana wanaojiua, utaona kwamba kazi ya kufanya iko. Shida ni kama kuna wa kuilipia.

3. Njia ya kusoma

Kuingia digrii, mtoto anahitaji angalau C+ katika KCSE. Nafasi za kusaidiwa na serikali huombwa kupitia KUCCPS, na masomo huchukua miaka 4. Hapa karibu kuna Egerton kule Njoro, na Kabarak. Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Daystar, USIU na vinginevyo. Aliyekosa C+ anaweza kuanza na diploma ya ushauri nasaha, kisha apande pole pole.

Kuna mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1995. Mzazi akumbuke kwamba hilo ni deni. Mtoto atalilipa baada ya masomo.

4. Milango inayofunguka

(a) Akiwa na digrii ya kwanza tu, anaweza kutafuta kazi katika ofisi za wafanyakazi kwenye viwanda au mashamba ya maua ya Naivasha, miradi ya watoto, vituo vya kusaidia walevi, na kampuni za utafiti.

(b) Akitaka kuwa mshauri au mwanasaikolojia anayehudumia watu, lazima asajiliwe. Hiyo ndiyo amri ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014.

(c) Akitaka kuwa mwanasaikolojia wa hospitali, atahitaji shahada ya uzamili na mazoezi chini ya msimamizi. Hiyo ni miaka zaidi na karo zaidi.

(d) Digrii hii peke yake haimfanyi kuwa mwalimu wa TSC. Mwenye nia ya kufundisha achukue kozi ya ualimu.

Tuseme ukweli: nafasi za serikali ni chache. Digrii ya kwanza ni msingi wa nyumba, bado paa halijawekwa. Anayejua hivyo tangu mwanzo hatavunjika moyo.

5. Kabla ya kikundi kutoa pesa

Hakikisheni chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mtoto aulize chuoni, na tena kwa bodi ya washauri na wanasaikolojia, kama kozi hiyo inakubaliwa kwa usajili. Asikubali jibu la mdomo, aombe barua.

Halafu msimalize nguvu mwaka wa kwanza. Harambee kubwa, mbuzi wanachinjwa, na mwaka wa tatu mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo. Tuseme wanachama 20 wanachanga shilingi 200 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 48,000, na kwa miaka 4 ni 192,000. Pesa hizo zigawanywe kwa miaka yote minne, ziandikwe kitabuni, na mzazi ajue sehemu yake. Heri kidogo kinachofika mwisho.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, mtu mwenye huzuni nzito humwendea nani?
2. Mtoto tunayemsomesha atasimama mlango gani kati ya (a), (b) na (c)? Je, amejieleza mwenyewe?
3. Tukimaliza miaka 4 na akahitaji uzamili, nani atalipa?

Katibu aandike majibu, na mtoto mwenyewe aitwe kikaoni asikie.