Insha ya Kiuamilifu: Barua Rasmi ya Mpango wa Ziara na Kambi

Swali la kwanza katika Karatasi ya Insha (102/1) ni la lazima, na aghalabu hutahini utungaji wa kiuamilifu. Mtahiniwa huandika maneno yasiyopungua 400 na kutuzwa kwa alama 20. Katika somo hili tutashughulikia barua rasmi inayobeba mpango wa ziara. Watahiniwa wengi hudhani swali hili ni rahisi, na wengi huishia katika kiwango cha C.

Swali la mfano

Wewe ni katibu wa Chama cha Mazingira katika shule yako. Chama kinanuia kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate na kupiga kambi humo kwa siku mbili. Mwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba idhini, ukimweleza mpango wa ziara hiyo.

Swali linataka nini?

Maneno ya kupigiwa mstari ni matatu: barua, idhini na mpango. Neno la kwanza linakupa sura ya insha. Neno la pili linakupa lengo: msomaji wako ana uwezo wa kukubali au kukataa. Neno la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Hebu soma aya hii, inayofanana na zile ambazo watahiniwa huandika:

"Tutaondoka asubuhi na mapema. Tukifika tutajionea mandhari ya kupendeza na wanyama wa kila aina. Jioni tutalala kwenye mahema na kesho yake tutarejea tukiwa na furaha."

Sarufi ya aya hii haina kosa. Hata hivyo, mwalimu mkuu hawezi kutia sahihi. Hajui wanaokwenda ni wangapi, nani atawasimamia, watakunywa maji gani, wala mtafanya nini mvua ikinyesha. Kumbuka kwamba akitia sahihi, yeye ndiye atakayeulizwa na wazazi jambo likiharibika. Kwa hivyo pima mpango wako kwa maswali mawili:

1. Je, mtu mwingine anaweza kuutekeleza mimi nikiwa sipo?
2. Je, umesema ni wakati gani tutasitisha shughuli na kurudi nyuma?

Ijue mbuga kabla ya kuiandikia

Hell's Gate iko karibu na Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1984 na ukubwa wake ni takribani kilomita 68 za mraba. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Ndani yake mna punda milia, twiga, nyati, swala, ngiri na nyani. Pana pia mwamba mrefu uitwao Fischer's Tower, chemchemi za maji moto, na korongo la Ol Njorowa lililochongwa na maji. Karibu na hapo ni Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981.

Korongo hilo ndilo linalowavutia wengi, na ndilo la kuhofiwa. Mwezi wa Aprili 2012, vijana saba wa kundi moja la kanisa walifariki humo baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla. Tarehe 1 Septemba 2019, watu wengine saba walifariki kwa njia iyo hiyo, mwelekezi akiwa miongoni mwao. Mafuriko ya namna hii yana hila. Mvua yaweza kunyesha mbali, kwenye miinuko, huku aliye korongoni akiota jua. Maji hukusanyika yakashuka kwa pamoja katika njia nyembamba yenye kuta ndefu, na aliye chini hana pa kukimbilia. Tena Septemba si mwezi wa masika. Kwa hivyo kuandika tu "tutakwenda wakati wa kiangazi" hakutoshi.

Mfano wa jibu

Chama cha Mazingira,
Shule ya Upili ya Mfano,
S.L.P. 100,
NAKURU.
12 Mei 2025.

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Upili ya Mfano,
S.L.P. 100,
NAKURU.

Kwa Mwalimu Mkuu,

MINTARAFU: OMBI LA IDHINI YA ZIARA NA KAMBI KATIKA MBUGA YA KITAIFA YA HELL'S GATE, TAREHE 14 NA 15 JUNI 2025

Kwa niaba ya wanachama, naomba idhini yako ili tuzuru mbuga iliyotajwa hapo juu, Jumamosi na Jumapili. Lengo letu ni kujionea sura za Bonde la Ufa tulizosoma darasani, kuhesabu wanyama na kuandika ripoti itakayosomwa katika gwaride la shule.

Watakaosafiri ni wanafunzi 40, wasichana 20 na wavulana 20, pamoja na walimu wanne: wawili wa kike na wawili wa kiume. Mlezi wa chama ndiye atakayeongoza msafara. Kila mwanafunzi atawasilisha barua ya ruhusa yenye sahihi ya mzazi na nambari ya simu kufikia tarehe 30 Mei. Asiyeileta hatasafiri.

Tutasafiri kwa basi la shule. Ratiba yetu ni kama ifuatavyo:

Jumamosi
Saa 1.00 asubuhi: Kuondoka shuleni.
Saa 3.30 asubuhi: Kuingia mbugani kupitia Lango la Elsa na kusomewa kanuni.
Saa 4.00 – 6.30 mchana: Kuhesabu wanyama kwa makundi manne, kila kundi na mwalimu wake.
Saa 7.00 – 8.00 mchana: Chakula cha mchana.
Saa 8.30 – 10.00 jioni: Kuzuru Fischer's Tower na kuchora mandhari.
Saa 10.30 jioni: Kupiga mahema kabla ya giza.
Saa 3.00 usiku: Kulala. Walimu watakesha kwa zamu.

Jumapili
Saa 2.00 – 4.00 asubuhi: Kuzuru korongo tukiongozwa na mwelekezi.
Saa 4.30 – 6.00 mchana: Kung'oa mahema na kusafisha kambi.
Saa 7.00 mchana: Kuanza safari ya kurudi.
Saa 9.30 alasiri: Kufika shuleni.

Tutahitaji mahema 12 ya watu wanne wanne: matano ya wasichana, matano ya wavulana na mawili ya walimu. Tumekadiria lita tatu za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, yaani lita 264 kwa watu 44 kwa siku mbili. Maji hayo yatabebwa kwa mitungi, na kila mmoja atakuwa na chupa yake ya kudumu, kwa kuwa plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu tarehe 5 Juni 2020.

Kuhusu ada, tunaomba ofisi yako iliandikie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) barua ya kututambulisha kama kundi la wanafunzi na kuulizia viwango vya sasa vya kiingilio, kambi na mwelekezi. Tutawasilisha bajeti kamili punde tutakapopata majibu, kabla ya mzazi yeyote kuombwa pesa.

Kuhusu usalama, tutabeba sanduku la huduma ya kwanza, na basi litabaki nasi kambini ili mgonjwa aweze kupelekwa mjini Naivasha wakati wowote. Asubuhi ya Jumapili, mlezi atawauliza askari wa mbuga iwapo korongo liko wazi. Hatutaingia iwapo limefungwa, iwapo mvua imenyesha usiku, au iwapo mawingu mazito yanaonekana juu ya vilima. Tukiwa ndani, tutatoka mara moja mwelekezi au mwalimu yeyote akisema tutoke. Uamuzi huo hautapigiwa kura. Badala ya korongo, tutatumia saa hizo kukamilisha hesabu ya wanyama karibu na kambi.

Tutashukuru tukipata jibu lako kufikia tarehe 19 Mei ili tuweze kuhifadhi nafasi ya kambi mapema. Niko tayari kufika ofisini kwa maelezo zaidi.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Jina la mwandishi,
Katibu, Chama cha Mazingira.

Kwa nini barua hii itatuzwa vyema?

Sura: Ina anwani mbili, tarehe, mtajo, mada, mwili, kimalizio, sahihi, jina na cheo. Mada imetaja jambo, mahali na siku. Mwalimu mkuu anaweza kuielewa barua kabla hajasoma aya ya kwanza. Katika mtihani, tumia jina la kubuni badala ya jina lako halisi.

Maudhui: Kila aya ina kazi moja: lengo, watu, ratiba, vifaa, fedha, usalama, ombi la jibu. Zingatia hesabu ya mahema. Anayegawanya 44 kwa 4 atapata 11, na atakuwa amekosea. Wasichana, wavulana na walimu hawachanganywi katika hema moja, na walimu wenyewe ni wa kike na wa kiume. Mpango huanza na watu, kisha huja hesabu.

Mpangilio wa wakati: Korongo limewekwa asubuhi kwa kusudi, kwani katika nyanda za juu mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Mahema nayo yanapigwa mapema. Mbuga hufungwa kwa wageni saa kumi na mbili jioni, na hema linalopigwa kwa mwanga wa tochi huwa limelegea upande mmoja.

Ukweli: Mwandishi hakubuni ada. Viwango hubadilika, na anayebuni hujitia katika hatari ya kumdanganya msomaji wake. Usipokuwa na uhakika wa kiasi, eleza namna utakavyokipata na ni lini.

Kurudi nyuma: Aya ya usalama haikusema "tutakuwa waangalifu". Kila mtu husema hivyo. Imetaja dalili zinazoonekana kwa macho, ikataja mwenye kauli ya mwisho, kisha ikatoa shughuli mbadala. Vijana arobaini waliongoja korongo hilo mwezi mzima hawatakubali kwa urahisi kuliacha wakiwa mlangoni pake. Kwa hivyo uamuzi huandikwa mapema, kila mtu akiwa ametulia.

Makosa ya kuepuka

• Kusimulia ziara kana kwamba imekwisha kufanyika. Mpango hutumia wakati ujao: tutaondoka, tutapiga, hatutaingia.
• Kujaza methali na tamathali za usemi. Barua rasmi hutaka lugha ya moja kwa moja.
• Kuchanganya saa. Andika "saa 1.00 asubuhi", usiandike "saa 7.00 asubuhi".
• Kutumia lugha ya kuamrisha. Wewe ni mwanafunzi unayeomba: "naomba", "tutashukuru".
• Kuandika ratiba pekee. Ratiba ni sehemu ya barua. Haichukui nafasi ya maelezo.

Zoezi

1. Mwalimu mkuu amejibu kwamba wanafunzi watakaoruhusiwa ni 30 pekee, wasichana 17 na wavulana 13, pamoja na walimu wanne wale wale. Kokotoa upya mahema na lita za maji. (alama 4)
2. Andika upya aya ya usalama ikiwa ziara itafanywa Aprili badala ya Juni. Ni shughuli gani utakayoiondoa kabisa, na kwa nini? (alama 6)
3. Wewe ni katibu wa Chama cha Jiografia. Andika barua kwa mkuu wa mbuga yoyote ya kitaifa nchini ukiomba nafasi ya kupiga kambi kwa usiku mmoja. Insha yako isipungue maneno 400. (alama 20)

Majibu ya swali la 1: Mahema 11 (wasichana 5, wavulana 4, walimu 2). Maji ni lita 204, yaani watu 34 × lita 3 × siku 2. Ikiwa umeandika mahema 9, rudi kwenye maelezo ya maudhui uyasome tena.