Anza na rundo la madaftari: tunavyotumia darasa la kompyuta bila bando hapa Mwankoko

Semina nyingi za TEHAMA kwa walimu huanza kwa projekta na kuishia kwa posho. Katikati hapo mtaalamu anafungua menyu moja baada ya nyingine, walimu wanapiga picha ukutani kwa simu zao, na picha hizo hazifunguliwi tena. Mimi huanzia kwingine. Keti kwenye ofisi ya walimu ya shule ya msingi huku kwetu mchana, vipindi vikiwa vimeisha: kila meza ina rundo la madaftari na kalamu nyekundu juu yake. Ukiuliza kazi gani inachosha kuliko zote, wachache watataja kufundisha. Watakuambia kusahihisha. Basi mfumo wa kompyuta uingilie hapo hapo, kwa jaribio linalojisahihisha, na mengine yote yasubiri.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, ila neno manispaa lisikudanganye. Huku ni alizeti, mtama na uwele, na kiangazi upepo unapeperusha vumbi mpaka ndani ya madarasa. Umeme unaweza kukatika wakati wowote. Intaneti inategemea umesimama wapi na bando ni la nani, na wanafunzi hawaruhusiwi kuja shuleni na simu. Kwa mazingira hayo, mfumo kama Moodle, uliotolewa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002 na ambao vyuo vikuu vyetu vinautumia, ni mzuri lakini unataka seva ya uhakika na mtu wa kuilinda. Nikachagua Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti, na ina Kiswahili. Unaisimika kwenye kompyuta mpakato moja, unaingiza masomo kwa flashi, na vifaa vingine vinaingia humo kwa waifai ya kompyuta hiyo hiyo.

Vifaa vyenyewe vipo kuliko watu wanavyodhani. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iligawa vishikwambi vilivyotumika kwenye kazi hiyo kwa walimu. Vingine vinatumika kila siku, vingine vimelala kabatini vikisubiri chaja. Mwombe mwalimu mkuu mvikusanye siku ya jaribio, na kila mwenye kishikwambi abaki darasani au amkabidhi mwenzake kwa jina. Hilo la kukabidhiana lisifanywe kwa mdomo tu, maana kioo kikipasuka kila mtu atasema hakuwepo.

Mahali pa kukutana na walimu usipatafute mbali. Utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tayari una jumuiya za kujifunza ndani ya shule, na Singida ni mmoja wa mikoa 9 ya mradi wa Shule Bora, kwa hiyo vikao hivi si vigeni. Tena walimu wengi wameshawahi kuwa wanafunzi wa mtandaoni bila kujihesabu hivyo, kwa kusoma moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania kwenye mfumo wake wa mafunzo ya walimu. Kikao cha kwanza nawauliza jambo moja: kule kwenye moduli ni nini kilikukera? Hapo ofisi inachangamka. Nywila iliyopotea. Ukurasa unaozunguka tu. Maelezo marefu, halafu swali jepesi mwishoni. Naandika yote ubaoni, na orodha hiyo ndiyo inakuwa kanuni yetu ya kuwatengenezea watoto.

Kisha tunatunga maswali, kwa kalamu na karatasi, kompyuta ikiwa imezimwa. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na sioni aibu kusema kwamba hapa hakuna teknolojia yoyote. Jaribio la kuchagua jibu ni rahisi kulitunga vibaya. Mwalimu anaandika jibu sahihi, halafu anajazia matatu ya ovyo ili mradi nafasi zijae. Chukua sehemu, darasa la sita: nusu jumlisha theluthi. Jibu ni 5/6. Ukiweka majibu ya uongo kama 7/9 na 1/10, mtoto akikosa hujifunzi kitu, umejua tu kwamba amekosa. Weka 2/5 na 2/6 uone. Aliyechagua 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hajui kabisa kwamba asili zinatakiwa zilingane. Aliyechagua 2/6 anajua habari ya KDS (kigawe kidogo cha shirika), sita ameipata, ila amesahau kubadilisha kiasi. Wote wamekosa swali moja, lakini matibabu yao ni tofauti. Wa kwanza anarudishwa kwenye maana ya sehemu, wa pili anahitaji hatua moja tu. Mwalimu mmoja mkongwe aliliangalia swali hilo akasema, "Kumbe kila kosa nalijua kwa jina." Anayajua kweli. Miaka yote ameyaona kwenye madaftari, na hayo ndiyo majibu ya uongo tunayoyataka. Kijana aliyetoka chuo juzi hawezi kuyatunga peke yake, hata awe hodari wa kompyuta namna gani, kwa hiyo nawaketisha wawili wawili, mkongwe na kijana.

Maswali yakikamilika, Kolibri yenyewe haina mahali pa kuyaandika mapya. Yanachapwa kwenye Kolibri Studio, ambayo iko kwenye intaneti. Hiyo kazi tunaipeleka Singida mjini: mwalimu wa taaluma anakwenda na karatasi na kompyuta yenye Kolibri, anachapa, anachapisha chaneli ya shule, kisha kompyuta inaivuta kwa kutumia msimbo mfupi wa chaneli. Wakati uko mjini na mtandao mzuri, pakua na masomo mengine yatakayowafaa. Flashi ijae kabla ya kurudi.

Siku ya jaribio, mambo madogo ndiyo yanayoangusha watu. Ukiwasha waifai ya kompyuta yenye Windows, vinavyoruhusiwa kuingia ni vifaa 8 tu. Zaidi ya hapo tafuta ruta ndogo, hata isiyo na laini. Windows ikiuliza kama iiruhusu Kolibri kupita, kubali. Anwani andika kwa chaki, kubwa, ubaoni: mara nyingi kwa waifai ya Windows ni 192.168.137.1:8080, na nukta pacha isisahaulike. Kishikwambi kitalalamika kwamba waifai hii haina intaneti na kitataka kurudi kwenye data ya laini. Zima data, ukiulizwa kama ubaki kwenye waifai hiyo sema ndiyo. Hili la mwisho limeua vipindi vingi kuliko umeme.

Sasa, darasa lina watoto wengi na vishikwambi ni vichache. Usimfungulie kila mtoto akaunti kwa kazi hii. Fungua akaunti za makundi, ondoa sharti la nywila kwa wanafunzi, na kundi liandike jina lake tu: Alizeti, Mtama, Singidani, Kindai. Kundi lijadiliane kabla ya kubonyeza, na anayebonyeza abadilike kila swali. Wapo watakaosema hivyo hujui mtoto gani amekosa. Kweli, hujui. Unachojua ni wapi darasa limekwama, na kwa kipindi cha dakika 40 hicho kinatosha. Jaribio la mtoto mmoja mmoja liache kwenye karatasi.

Wewe msaidizi, mikono mfukoni. Mwalimu mama wa makamo anababaika na kioo, kijana anaruka, "Mama, lete nikufanyie." Anamfanyia, kwa sekunde chache, na mama harudi tena kukigusa. Niliweka sheria: kusema ruksa, kugusa marufuku. Aulize, aelekezwe kwa maneno, abonyeze mwenyewe, hata kama inachukua muda. Vijana huona taabu sana mwanzoni.

"Na ikikataa mbele ya watoto nitafanyaje?" Hili swali nasikia kila mahali, na ni la haki. Heshima ya mwalimu mbele ya darasa haichezewi. Jibu langu ni kwamba maswali yale yale yawe kwenye karatasi yake ya maandalio ya somo. Mtambo ukigoma, anageuka ubaoni, anasoma swali la kwanza, makundi yananyoosha mikono. Watoto hata hawajui kama kuna kilichoharibika.

Jaribio likiisha, usiondoke bila kumwonyesha mwalimu ripoti. Afungue mwenyewe sehemu ya mwalimu, atazame maswali yaliyokosewa sana, aguse swali moja aone kila kundi lilijibu nini. Ile nusu jumlisha theluthi ilitoka hivi: makundi mengi yalichagua 2/6. Mwalimu wao alikuwa amepanga kurudia mada nzima ya sehemu wiki nzima. Akaifuta wiki hiyo kwenye maandalio yake, akafundisha kubadilisha kiasi kesho yake, basi.

Jambo la mwisho ni la kiutawala. Walimu wanahamishwa, na mara nyingi anayehamishwa ndiye huyo huyo aliyejua mfumo. Nywila ya msimamizi ijulikane na watu wawili, mmoja wao mwenyeji asiyetarajia kuondoka karibuni, na nakala iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu. Chaneli ya shule ihifadhiwe kwenye flashi mbili. Moja ibaki shuleni, nyingine apewe mwalimu wa shule jirani, na yeye akiirudisha alete na maswali yake kwenye karatasi, yakachapwe Studio.