Mteremko: somo nililojifunza kwenye ngazi za msikiti wetu



Ndugu msomaji, mashine si lazima iwe na injini. Katika fizikia, mashine ni kitu chochote kinachoturahisishia kazi. Wenzo ni mashine, roda ni mashine, na ubao unaoegemezwa kwenye lori ili kupandishia mapipa nao ni mashine. Ubao huo ndio somo letu la leo: unaitwa mteremko. Mimi nasoma uhandisi hapa Kampala, na katika mtihani wa mada hii nilipata alama nzuri. Kumbe nilikuwa sijaielewa.

Msikiti wa chuo chetu una ngazi nne mlangoni. Kila moja ina kimo cha sentimita 15, jumla sentimita 60. Muhula uliopita alijiunga nasi ndugu mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Kila swala tulimbeba watu wanne. Hakulalamika, lakini alfajiri, watu wanapokuwa wachache, alisubiri nje kwenye baridi mpaka wapatikane wa kumbeba. Siku nyingine jamaa ilimpita akiwa pale pale chini. Nikajitolea kumtengenezea njia.

Hesabu yangu ya kwanza

Yeye na kiti chake wana kilo 90, yaani uzito wa nyutoni 900 hivi. Kumwinua wima mita 0.6 ni kazi ya 900 × 0.6, sawa na jouli 540. Kazi hiyo mteremko hauipunguzi. Unachofanya ni kuigawa juu ya njia ndefu zaidi, ili kila hatua ihitaji nguvu ndogo. Tukiacha msuguano kando, kanuni ni hii:

jitihada × urefu wa mteremko = mzigo × kimo

Nilikuwa na mbao za mita 2.4. Basi jitihada ni 540 ÷ 2.4 = nyutoni 225. Badala ya kuinua kilo 90, ni kama kuinua kilo 22.5. Nikapigilia mbao, nikamsukuma mwenyewe, akapanda. Nikafurahi sana.

Alfajiri ya pili alijaribu kupanda peke yake. Alipofika katikati mikono iliishiwa nguvu, kiti kikarudi nyuma kikapinduka. Viganja vilichubuka, na nusura kichwa kigonge ukingo wa saruji. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia kwa upole: "Akhi, njia ile uliipima kwa mikono yako, si kwa yangu." Wiki nzima aliswali chumbani.

Maneno yale yalinikaa moyoni. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Lakini urefu niliuchagua kwa kuangalia mbao nilizonazo, na jitihada niliipima kwa nguvu za kijana anayesukuma kwa miguu miwili. Kanuni hutaja jitihada bila kuuliza ni ya nani. Swali hilo anapaswa kuliuliza mjenzi.

Hesabu ya pili

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa njia za viti vya magurudumu ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za mlalo. Kwa kimo chetu cha sentimita 60 tulihitaji mita 7.2. Jitihada ikashuka hadi 540 ÷ 7.2 = nyutoni 75, kama kuinua kilo 7.5 tu.

Tatizo likawa uwanja: mbele ya msikiti hapakuwa na nafasi ya mita 7.2 zilizonyooka. Jibu nililipata kwa kukumbuka barabara ya Kabale kwenda Kisoro. Barabara ile haiupandi mlima moja kwa moja, bali hujipinda na kujipinda tena ili iwe ndefu na isiwe kali. Nasi tukaikunja njia yetu: vipande viwili vya mita 3.6, na katikati sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kugeuzia kiti na kupumzisha mikono. Safari hii tulitumia zege, tukaweka na vyuma vya kushika pembeni.

Ilipokauka tulikivuta kiti, yeye akiwa amekaa, kwa mizani ya springi tuliyoazima maabara. Ilisoma nyutoni 90, si 75. Zile 15 za ziada zimeliwa na msuguano. Hapo tunapata ufanisi wa mashine yetu: 75 ÷ 90, yaani asilimia 83 hivi.

Jamaa zake mteremko

Mteremko ukiuzungusha kwenye chuma cha duara unapata skrubu, na ndiyo maana jeki ndogo huinua gari zima: unazungusha mara nyingi, gari linapanda kidogo. Miteremko miwili ikiungana mgongo kwa mgongo inakuwa kabari, kama shoka linalopasua kuni. Heron wa Alexandria alieleza kabari na skrubu katika kitabu chake cha Mekanika, na kitabu hicho kimetufikia kwa tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa na Qusta ibn Luqa katika karne ya 9. Na kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke kwenye kilima, akienda upande huu na upande ule, anaitumia kanuni hiyo hiyo bila kalamu.

Zoezi

1. Pima kimo cha ngazi za msikiti wako au za darasa lako. Kwa kipimo cha 1 kwa 12, njia ingehitaji mita ngapi?
2. Mzigo wa nyutoni 600 unapandishwa kimo cha mita 1 kwa ubao wa mita 4. Jitihada ni ngapi bila msuguano? Ikiwa jitihada halisi ni nyutoni 200, ufanisi ni asilimia ngapi?
3. Kabla hujajenga, umemuuliza atakayepita?

Majibu ya swali la pili ni nyutoni 150 na asilimia 75. La tatu mimi nililikosa. Alhamdulillah, siku hizi nikifika alfajiri mara nyingi namkuta yeye ameshatangulia safu ya kwanza.

Wabillahi tawfiq.