SOMO LA AFYA: UBONGO UKIPATWA NA DHARURA, KAZI YETU KABLA YA HOSPITALI



Katika kigango kimoja tunachotembelea, mzee mmoja wa kwaya alianguka kutoka kwa kiti asubuhi, tukingojea mkutano wa kikundi cha maji uanze. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja. Mkono wa kulia ulilala tu kama kitu kisicho chake. Alijaribu kuongea, maneno yakatoka yamechanganyika.

Je, sisi tuliokuwa pale tulifanya nini? Mmoja alisema ni uchovu, mzee apumzike. Mwingine akasema ni upepo mbaya. Mama mmoja kwa huruma akaleta chai yenye sukari nyingi, mzee akakabwa na kukohoa. Mwishowe tukamlaza nyumbani tungojee kijana wake atoke mjini na pesa ya gari. Alifika hospitali kesho yake saa nne asubuhi. Daktari aliuliza swali moja: "Ilianza saa ngapi?" Tukatazamana.

Mzee yuko hai, lakini haimbi tena. Hatuandiki haya ili kulaumu wanakijiji. Sisi wenyewe tuliosomea kazi ya jamii tulikuwa pale, na hatukujua. Ndiyo sababu tumeandaa somo hili. Lisomwe katika vikundi, polepole, kipande kwa kipande.

1. KWA NINI TUFANYE HARAKA?

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Tena hauna ghala. Damu ikikatika, sehemu ile iliyokosa huanza kufa dakika hiyo hiyo, na ikishafa haioti tena kama jani la mchicha.

Kiharusi kiko cha aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni donge la damu kuziba mshipa wa ubongo. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani. Kwa macho, aina hizi mbili zinafanana. Ni mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, inayoitwa siti skani, ndiyo inayozitenganisha. Iko dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida inafaa kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Ndiyo maana daktari aliuliza ile saa.

Si kila hospitali iliyo na mashine hiyo au dawa hiyo. Hata hivyo kufika mapema husaidia, kwa sababu kupumua, sukari, presha na kumeza huangaliwa kabla mambo hayajaharibika.

2. TUTATAMBUAJE KIHARUSI?

Angalia mambo matatu, halafu saa.

USO: Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja umelegea?
MKONO: Mwambie ainue mikono yote miwili na kufumba macho. Je, mmoja unashuka?
MANENO: Mwambie arudie sentensi rahisi. Je, maneno yanavurugika?
SAA: Hata moja kati ya hizo ikionekana, tazama saa na uondoke kwenda hospitali.

Andika saa dalili zilipoanza. Kama aliamka nazo, andika saa ya mwisho alipoonekana akiwa mzima. Kama alilala salama saa tatu usiku, hiyo ndiyo saa ya kumwambia daktari, si saa ya kuamka.

Dalili zikipotea baada ya dakika chache, usiseme "Mungu ametusaidia, imeisha." Peleka mgonjwa siku hiyo hiyo. Mara nyingi hilo ni onyo la kiharusi kikubwa kinachokuja.

Usimpe chakula, chai wala dawa ya kumeza, hata aspirini. Kumeza kunaweza kuwa kumeharibika, na kama damu imemwagika, aspirini inaweza kuiongeza. Pia asipewe dawa ya presha ya jirani.

Jambo moja la kukumbuka: mtu wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka sana anaweza kufanana kabisa na mwenye kiharusi. Kama kuna mashine ya kupima sukari karibu, ipimwe, lakini safari isingojee. Ikionekana iko chini, na mgonjwa yuko macho na anameza vizuri, apewe kinywaji cha sukari. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni.

3. ALIYEPOTEZA FAHAMU LAKINI ANAPUMUA

Ulimi wa mtu aliyezirai hulegea na kurudi nyuma, ukaziba koo. Matapishi nayo huingia mapafuni. Watu wengine hufa kwa sababu hiyo, si kwa ugonjwa ulioanza.

Basi mlaze kwa ubavu. Goti la juu likunjwe lizuie mwili usibingirike. Mkono wa juu uwekwe chini ya shavu. Kichwa kirudishwe nyuma kidogo, na mdomo uelekee chini ili mate yatoke. Fungua kola, mshipi na kitambaa cha shingoni. Mtu mmoja akae karibu na kichwa akiangalia pumzi, asiondoke.

Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kukata roho, mlaze chali na kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane mpaka msaada ufike.

4. KIFAFA NA DEGEDEGE

Hapa mila imetudanganya sana. Kijiko mdomoni huvunja meno na kuziba pumzi. Ulimi haumezwi. Povu la mtu wa kifafa haliambukizi, kwa hivyo hakuna haja ya kukimbia. Kitunguu puani, maji usoni na kumkalia mikono na miguu havisimamishi chochote.

Fanya hivi: ondoa mawe, viti na jiko karibu yake. Weka sweta chini ya kichwa. Tazama saa. Mtetemeko ukipungua, mlaze kwa ubavu kama tulivyosema. Kaa naye mpaka ajue yuko wapi, na umfunike vizuri kwa heshima, maana huenda amejikojolea. Mara nyingi mtetemeko huisha wenyewe kwa dakika mbili tatu.

Lakini ondokeni kwenda hospitali mara moja kama:
- mtetemeko umepita dakika 5;
- mwingine umeanza kabla hajarudiwa na fahamu;
- ni mara yake ya kwanza kabisa;
- ameumia, au ulimpata akiwa majini;
- ni mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni. Huyu asingojewe hata kidogo, kwa sababu presha ya uzazi inaweza kumuua pamoja na mtoto.

Mtoto mwenye homa akipata degedege, mvue nguo nzito na umlaze kwa ubavu. Usimtumbukize kwenye maji baridi, wala usimmiminie dawa akiwa anatetemeka. Hata kama imekwisha, apelekwe kituo cha afya saa hiyo. Inaweza kuwa malaria kali, inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Homa pamoja na shingo kukaza, usingizi usio wa kawaida, au mtoto mchanga kukataa kunyonya, hizo zote ni dharura.

5. KUUMIA KICHWA

Barabara zetu na pikipiki zetu zinatuletea hawa kila wiki. Mambo ya kushika ni haya.

Kwanza, msivute mtu kwa mikono kumtoa barabarani kama gunia, isipokuwa kuna hatari kubwa kama moto au magari. Kichwa kikiumia, fikiria kwamba shingo pia imeumia. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisiyumbe, wengine watatu wamgeuze mwili wote kwa pamoja, kama gogo moja. Akianza kutapika, mgeuzeni hivyo hivyo. Helmeti isivuliwe kama anapumua vizuri.

Pili, damu ya kichwani ikandamizwe kwa kitambaa safi. Kama mfupa umebonyea, usikandamize pale penyewe. Damu au maji yanayotoka sikioni au puani yasizibwe.

Tatu, msiseme "amelewa tu." Mlevi naye huvunjika kichwa. Na yule aliyeamka, akapangusa vumbi na kwenda nyumbani, huenda damu inakusanyika polepole ndani ya fuvu. Akianza kutapika mara kwa mara, kuumwa kichwa kunakozidi, kusinzia ovyo, kuchanganyikiwa, kulegea upande mmoja, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, ni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

6. SAFARI YENYEWE

Tumeona mgonjwa aliyezirai akibebwa kwa boda boda, ameketishwa katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Hivyo ndivyo koo linavyoziba. Afadhali gari la jirani kiti kikiwa kimelazwa, au pikapu yenye godoro. Kutoka bondeni hadi barabarani, tengenezeni machela kwa miti miwili imara na magunia au mashati yaliyofungwa vifungo.

Pigeni simu 999 au 112, na pia hospitali mnayokwenda, muulize kama wanaweza kumhudumia mgonjwa wa namna hiyo. Kufika, kuambiwa hakuna mashine, na kuanza safari nyingine, ni saa zinazopotea. Afadhali kikundi kiwe kimeuliza mapema, siku ya amani.

Aende naye mtu aliyeona mambo yakianza. Abebe karatasi yenye haya: saa ilipoanza, kilichoonekana, magonjwa aliyonayo, na dawa zake zote ndani ya mfuko.

7. HAKI YETU MLANGONI

Watu wengi hukaa nyumbani wakitafuta pesa kwanza. Jueni ya kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inaeleza zaidi: dharura inahesabu pia huduma ya kabla ya hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizorote, na kupanga apelekwe kwingine. Taasisi ya afya yenye uwezo ikikataa kutoa matibabu hayo, inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Semeni haya kwa upole pale mlangoni, lakini semeni. Bili itazungumzwa baadaye. Harambee ifanywe mgonjwa akiwa kitandani, si akiwa kwenye mkeka nyumbani.

8. KAZI YA KIKUNDI

a) Ni hospitali gani karibu nasi yenye siti skani? Ni mwendo wa saa ngapi mchana? Na usiku wakati wa mvua?
b) Ni nani kijijini ana gari, na amekubali kuamshwa usiku? Andikeni namba yake mahali pa kuonekana.
c) Je, chama chetu kinaweza kutenga pesa kidogo ya mafuta, isiyoguswa kwa kazi nyingine?
d) Fanyeni zoezi: mmoja alale chini, wengine wamgeuze kwa ubavu. Kila mtu ajaribu, hata watoto wa shule.
e) Wangapi kati yetu tumepimwa presha mwaka huu? Presha ya juu ndiyo njia kubwa ya kiharusi, na haina kelele.

Tulipofundisha somo hili mara ya kwanza, yule mzee alikuja, akaketi mstari wa mbele na fimbo yake. Tulipofika kwa swali la gari na la usiku, watu walinyamaza, kila mmoja akiangalia chini. Mzee akainua mkono wa kushoto. Kwa maneno machache, polepole, akatuambia pikapu ya kijana wake ihesabiwe. Siku hiyo namba ya kwanza iliandikwa ukutani. Sasa ziko nne. Na kwenu, ziko ngapi?