Ndevu za Mti: Je, Ndizo Zinazoua Mti Wako?

Wakulima wa sehemu za juu zenye baridi na ukungu, kama vile Limuru, Kinangop na Molo, huona vichaka vidogo vya rangi ya kijivu na kijani vikining'inia kwenye matawi ya miti yao. Mti ukianza kukauka, mara lawama huangukia vichaka hivyo. Mwenye shamba huchukua panga akakwangua magome, au huukata mti mzima akidhani ameokoa mingine. Kumbe ameadhibu asiye na kosa. Soma habari hizi, kisha nenda shambani ukatazame mwenyewe.

NI KITU GANI?

Wataalamu hukiita kitu hiki likeni, na aina hii yenye umbo la ndevu huitwa Usnea. Sisi tutaiita ndevu za mti. Ndani ya likeni mna viumbe wanaoishi kwa ushirika: kuvu, na mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Kuvu hujenga nyumba na kushika maji. Mwani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Mtaalamu wa Uswisi, Simon Schwendener, alipoeleza habari hii katika mwaka 1867, wenzake wengi walikataa kumsadiki.

Likeni hupata maji yake kwa mvua, umande na ukungu. Haina mizizi, wala hainyonyi utomvu wa mti. Hushika gome kwa nje tu, kama mgeni aliyeketi barazani asiyeingia jikoni.

JINSI YA KUITAMBUA

1. Okota tawi lililoanguka lenye ndevu. Utaona nyuzi nyembamba za mviringo, zimeanzia mahali pamoja kwenye gome, kisha zimegawanyika mara nyingi.

2. Zilowe maji kidogo, kwa maana zikiwa kavu hukatika upesi. Shika uzi ulio mnene, uuvute polepole pande mbili. Ngozi ya nje itapasuka, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kama mpira. Hiyo ndiyo alama ya Usnea.

3. Kama vitawi ni bapa mfano wa utepe, wala hakuna uzi mweupe ndani, hiyo ni likeni ya aina nyingine. Ziko pia zenye rangi ya machungwa. Hizo nazo hazinyonyi mti.

4. Ukiona majani mabichi ya kweli, maua, na shina gumu lililozama ndani ya tawi, hiyo si likeni. Hicho ni kirukia. Ndege hula matunda yake na kuziacha mbegu zenye ulimbo juu ya matawi. Kirukia hupenyeza mizizi yake ndani ya mti na kunyonya maji yake. Huyo ndiye adui. Likate tawi lenyewe, chini ya mahali aliposhika, kabla hajazaa matunda.

Watu wa pwani waliijua likeni zamani. Aina waliyoiita marere ilichumwa mitini, na katika karne ya 19 iliuzwa ng'ambo ili kutengeneza rangi ya zambarau.

KWA NINI HUZIDI KWENYE MTI DHAIFU?

Swali hili ni la haki. Mti wenye afya una majani mengi, na kivuli chake huizuia likeni. Mti ukidhoofika, majani hupukutika, jua huingia, na ndevu hupata nafasi ya kukua. Basi ndevu ni dalili tu, hazikuleta ugonjwa.

Kwa hiyo usikwangue gome. Jeraha lile ni mlango wa magonjwa. Badala yake chunguza mambo haya: Je, maji yamesimama penye mizizi? Je, kuna matundu ya wadudu kwenye shina, na unga wa mbao chini yake? Je, udongo umechoka? Je, mti haukupogolewa kwa miaka mingi? Ukishindwa kupata sababu, mwite afisa wa kilimo wa sehemu yako auone mti ungali umesimama.

Kumbuka pia kwamba moshi wa viwanda huziua ndevu hizi upesi. Zikiwa nyingi shambani mwako, ujue hewa unayovuta ni safi. Ziache, wala usizile. Panga lako litumie kwa kirukia.