Kupiga Picha za Michezo Penye Jua Kali

Miongoni mwa zana zimfaazo mwalimu wa michezo ni picha. Mwanafunzi anayeruka chini hawezi kujiona. Huambiwa tu kwamba mguu wake ulipita ubao wa kurukia, au kwamba kichwa chake kiliinama mno. Akionyeshwa picha yake mwenyewe huliona kosa na kulirekebisha. Lakini picha hiyo yafaa tu iwapo uso na mguu vyaonekana. Aghalabu picha zipigwazo uwanjani mchana huonyesha fulana nyeupe na mbingu nyangavu, na mtoto mwenyewe akawa kivuli cheusi. Ili kuepuka hasara hiyo, mwalimu hana budi kuamua mambo ya nuru na ya kulenga kabla mtoto hajaanza kukimbia.

1. Wakati na mahali pa kusimama

Katika nchi zetu jua hupanda juu sana. Dar es Salaam, kwa mfano, iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua la adhuhuri huwa utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na katikati ya Oktoba. Nuru itokayo utosini hutia vivuli machoni na chini ya kidevu. Kwa hiyo, ikiwezekana, picha zipigwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Mpiga picha asimame ubavuni mwa njia ya kukimbilia, jua likiwa nyuma ya bega lake. Nyuma ya mrukaji pawe na miti au ua, wala si mbingu tupu.

2. Kupima nuru

Kamera haitambui kila mara uso wala fulana. Hupima nuru iliyo mbele yake na kuifanya ya wastani. Iwapo sehemu kubwa ya picha ni mbingu au mchanga mweupe, kamera hupunguza nuru, na uso wa mtoto mweusi hupotea. Dawa yake ni kupima nuru usoni.

Kwa simu nyingi za mkononi, mweke mtoto mmoja asimame kwenye ubao, gusa uso wake katika kioo cha simu, na ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe. Kwa kamera irekebishwayo kwa mkono iko kanuni ya zamani: penye jua kali lisilo na mawingu, kwa ISO 100, tumia tundu la f/16 na sekunde 1/125. Hata hivyo, kwa kasi hiyo mrukaji hutoka na ukungu. Basi ongeza kasi hadi 1/500 na upanue tundu hadi f/8. Nuru iingiayo ni ileile. Uso ukiwa kivulini, panua tundu zaidi hadi f/5.6.

3. Kulenga

Ni vigumu lenzi kumfuata mtoto anayekimbia. Ni rahisi zaidi kumngojea. Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20, na kila mrukaji hana budi kuufikia. Lenga ubao huo, funga kipimo, kisha usisogee. Bonyeza mguu unapokaribia ubao. Ukingoja mpaka ukanyage utakuwa umechelewa.

Zoezi

Katika kikundi cha wanachuo wanne, pigeni picha za mrukaji mmoja saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Kila mara pigeni moja bila kupima usoni na nyingine baada ya kupima. Linganisheni picha hizo, kisha mwulizeni mrukaji mwenyewe: je, anajitambua? Je, aweza kuonyesha mahali mguu wake ulipokanyaga? Picha isiyoweza kujibu maswali hayo mawili isibandikwe darasani, kwani haitamfundisha mtoto huyo kuruka, nayo itamwonyesha wenzake wakiwa wazi na yeye akiwa kivuli.