Sampeng, Bangkok: tembea kwanza, nunua kesho

Wawili wameniuliza kuhusu kufuata mzigo wa urembo Thailand, nikaona niandike somo moja tusome wote. Mimi niliishia kidato cha nne, duka ndilo limenisomesha, na ada yake nimeilipa.

Mahali penyewe ni Chinatown, mtaa wa Wachina pale Bangkok. Walihamishiwa hapo mwaka 1782, mfalme alipotaka eneo lao ajenge ikulu. Kichochoro chao Sampeng mpaka leo ni soko la jumla: hereni, vibanio vya nywele, shanga, utepe, midoli, pochi. Unashuka kwenye treni ya chini ya ardhi, kituo cha Wat Mangkon, halafu unatembea dakika chache tu. Njia ni nyembamba na mikokoteni inapita humo humo, kwa hiyo begi liwe mbele.

Sasa kosa langu. Safari ya kwanza nusu ya mtaji ilikuwa mkopo wa kikoba. Duka la tatu tu nikaona vibanio vizuri, nikabeba dazeni 50. Saa moja baadaye, ndani zaidi, nikavikuta vile vile kwa bei ya chini kabisa. Kurudisha wakakataa. Nilitamani kulia.

Jioni nikaenda kula Yaowarat, barabara kubwa ya jirani yenye maduka ya dhahabu. Usiku inajaa vibanda: tambi za supu, kamba wa kuchoma, wali wa kunata wa tui la nazi na embe. Nguruwe ni mwingi. Kama huli, sema "mai sai mu", yaani usiweke nguruwe. Ila supu inaweza kuwa ya mifupa yake, bora ule wali na embe kama mimi. Hapo mezani nikafungua daftari, nikaandika haya:

1. Siku ya kwanza hakuna kununua. Pita mwanzo mpaka mwisho, andika bei, omba kadi ya kila duka. Maduka yanafanana, kichwa kitakudanganya.

2. Uliza bei kwa idadi. Kimoja kina bei yake, dazeni ina bei yake. Uliza pia kama unaruhusiwa kuchanganya rangi.

3. Hesabu mpaka dukani kwako. Tuseme dazeni ni shilingi 6,000, kusafirisha na ushuru 3,000. Jumla 9,000, gawa kwa 12, kimoja kimekugharimu 750. Wengi wanahesabu 500, wanauza 700, wanadhani wamepata faida kumbe kila kimoja kinawala 50.

4. Angalia uzito na nafasi. Hereni dazeni nyingi zinaingia kwenye begi, midoli michache inajaza boksi zima.

5. Bidhaa mpya chukua kidogo. Wateja wako ndio watakuambia uongeze nini.

Vile vibanio vilikaa dukani miezi tisa, vya mwisho nikauza kwa hasara. Mkopo wa kikoba ulilipwa na hereni, ambazo nilinunua kesho yake baada ya kuzunguka Sampeng yote mara mbili.

Mwenye safari asisahau daftari. Mwenye swali aulize, nitajibu nikishafunga duka.